Wimbo Wangu Unasema Naondoka, Lakini Cheti Changu Kitabaki Dukani kwa Baba

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 24, mwanafunzi wa mwaka wa nne, ambao ndio wa mwisho, wa shahada ya famasia katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam. Nyumbani kwetu ni Songea. Ninakuandikia kwa sababu nina wimbo uliokwisha kurekodiwa na kupangiwa tarehe ya kuachiwa, na kadiri tarehe hiyo inavyokaribia ndivyo ninavyozidi kukosa usingizi.

Baba yangu ana duka la dawa muhimu. Alikuwa miongoni mwa wenye maduka ya dawa baridi waliopewa mafunzo wakati mpango wa maduka ya dawa muhimu ulipoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003, na cheti cha mafunzo yale hadi leo kimo kwenye fremu, juu ya rafu ya dawa za kifua. Tangu nikiwa darasa la tano amekuwa akisema kwamba siku moja duka litakuwa famasi kamili, na kwamba mfamasia wake atatoka ndani ya nyumba, si mtu wa kuajiriwa. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na ndiye niliyefaulu sayansi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza. Sehemu ya ada yangu imelipwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, na sehemu iliyobaki amelipa yeye. Nilipokuwa mwaka wa pili aliuza pikipiki yake ili nisizuiwe kufanya mitihani.

Likizo iliyopita niliingia stoo kuchukua ndoo, nikakuta kibao kipya kimeegemezwa ukutani, kimefunikwa kwa mifuko mitupu ya saruji. Nilipokifunua niliona neno famasi, na chini yake jina langu la kwanza kwa rangi ya kijani. Nilikifunika tena kama nilivyokikuta, nikachukua ndoo yangu, na sikusema kitu.

Upande wa pili wa maisha yangu ni huu. Tangu mwaka wa kwanza ninapiga gitaa na kuimba katika bendi ya watu wanne. Tunapiga muziki wa roki, hasa ile inayoitwa roki mbadala, yenye magitaa mazito na mashairi ya mtu anayesema na nafsi yake. Ninajua kwamba huu si muziki wa watu wengi hapa kwetu, na baba, ambaye aliwahi kuniona nikifanya mazoezi, alisema ni makelele ya Wazungu waliokosa kazi. Tunafanya mazoezi kila Jumamosi katika ghala la mjomba wa mpiga dramu wetu, huko Tabata, na tumekwisha kupiga katika maonyesho machache. Singo hii ndiyo kazi yetu ya kwanza kuirekodi studio. Mashairi na sauti ya wimbo ni vyangu, ingawa mpiga besi ndiye aliyetoa fedha nyingi zaidi za kurekodi. Ubeti wa kwanza unasema:

Umeandika jina langu ukutani
kabla sijajua kuliandika mimi;
umenipima kwa hiyo yako mizani
ya kaunta, nikawa dawa, si mimi.

Kiitikio kinarudia maneno haya: "Naondoka, naondoka, usinifungie njia." Kisha ubeti wa pili unamsema baba moja kwa moja:

Wewe mfungwa wa kaunta,
funguo umezimeza,
na sasa unamtafuta
wa kufungwa akaweza.

Nimeambatanisha rekodi ili uisikilize. Mama amekwisha kuusikiliza, jikoni, kwa spika za masikioni, na alipomaliza aliniuliza swali moja tu: "Na baba yako akiusikia?" Nami ninajua atausikia, kwa sababu binamu zangu hawawezi kukaa na kitu kwenye simu bila kukisambaza.

Ninaandika mashairi hayo huku nikijua kwamba baba mwenyewe aliwahi kuondoka. Babu yangu alikuwa mkulima wa kahawa huko Mbinga na alitaka baba arithi shamba. Baba alikataa, akaja mjini, akaanza kuuza dawa. Habari hiyo anaisimulia kwa fahari kila mgeni anapokuja, lakini haoni kwamba mimi ninaomba jambo lilelile.

Wenzangu katika bendi hawakubaliani. Mpiga dramu anasema niache chuo sasa, kwa kuwa mtu anayeimba kwamba anaondoka huku akijiandaa kwa mitihani ya baba yake ni mnafiki, na kila mara humtaja Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Queen, kwamba mtoto yule wa Unguja asingefika popote kama angewasikiliza wazee. Wengine wawili wanasema nimalize kwanza.

Mwenyewe nimefikiria njia ya katikati. Nitamaliza shahada, nitafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, nitasajiliwa, kisha nitampa baba cheti changu akitundike dukani ili apate kibali cha famasi. Mimi nitabaki Dar es Salaam na bendi, na yeye atanitumia kiasi fulani cha fedha kila mwezi. Baba mwenyewe aliwahi kudokeza kwamba hata nisipokuwapo kila siku, cheti kikiwapo panatosha, na wapo wanafunzi waliotutangulia ambao tunasikia wanaishi hivyo. Ninaona kwamba kwa njia hii kila mtu atapata alichokitaka.

Naomba unishauri. Je, niuachie wimbo kama ulivyo? Je, niache chuo? Na je, mpango wangu wa cheti una kasoro gani nisiyoiona?

Wako,
Mpiga Gitaa wa Songea

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kwanza kuhusu wimbo, kisha kuhusu chuo, na suala la cheti ukaliweka mwishoni kana kwamba limekwisha kupata ufumbuzi na linasubiri muhuri wangu tu. Mimi nitaanza nalo, kwa kuwa katika mambo yote uliyoyaandika ndilo linaloweza kukufuata kwa miaka mingi, na ndilo pekee ambalo hakuna mtu aliyekutahadharisha nalo.

Duka la dawa muhimu huruhusiwa kuuza dawa zilizomo katika orodha maalumu, nalo huendeshwa na mtoa dawa aliyepata mafunzo, kama baba yako alivyoyapata. Famasi huuza dawa nyingi zaidi, zikiwamo zile ambazo zikitolewa vibaya huua, na ndiyo maana inatakiwa iwe chini ya usimamizi wa mfamasia aliyesajiliwa. Haya umeyasoma darasani, na unayajua kuliko mimi. Ninayarudia ili ukumbuke kwamba kile cheti kwenye fremu kinamwambia mgonjwa aliyesimama mbele ya kaunta kwamba yupo mtu aliyesomea kazi hii, ambaye anaangalia kinachotoka rafuni na atakayewajibika ikitokea kosa. Kukitundika Songea huku mwenyewe ukiwa Tabata ni kumdanganya mgonjwa huyo. Mchezo huo una jina lake, kukodisha cheti, na Baraza la Famasi limekuwa likiupigia kelele kwa miaka mingi. Kwamba wapo waliokutangulia ambao wanaishi hivyo ni kweli, lakini wingi wao hautakusaidia siku utakapoitwa peke yako kujieleza.

Sasa uweke mpango huo pembeni ya wimbo wako. Wimbo unasema umeondoka. Mpango unasema kwamba utakuwa jukwaani Jumamosi usiku, na simu itakapoita itakuwa ni Songea: wakaguzi wamefika wanamtaka mfamasia msimamizi, au mtoto amepewa dozi ya mtu mzima na ndugu zake wamejaa mlangoni wakisoma jina lililoandikwa kwa rangi ya kijani. Utakuwa umefungwa na duka lile kuliko kama ungekuwa umekaa ndani yake, kwa sababu aliyekaa ndani angalau angeiona dawa kabla haijatoka. Na zile fedha za kila mwezi, mwanangu, ni mshahara. Anayekulipa mshahara ni mwajiri wako, hata kama hamwiti hivyo nyumbani, na siku atakapokutaka urudi hutakuwa na neno la kumjibu. Nimeusoma wimbo na nimeusoma mpango, na nimeona kana kwamba vimeandikwa na watu wawili wasiofahamiana. Kwa hiyo jibu langu katika hili ni hapana. Cheti chako kisikae mahali ambapo wewe mwenyewe haupo.

Ukiisha kuuondoa mpango huo, linabaki jambo ambalo ulikuwa unalikwepa kwa kuutunga, nalo ni kumweleza baba yako kwa mdomo wako kwamba hutaki kwenda kuishi Songea na kuendesha duka lake. Ninashuku kwamba hata wimbo wenyewe ulitungwa kwa sehemu ili kazi hiyo ifanywe na magitaa. Halafu kuna binamu zako na simu zao. Mzazi aliyeuza pikipiki kwa ajili yako hastahili kuupata uamuzi wako kupitia kwa mtoto wa dada yake, katika kundi la familia, huku wengine wakiandika vicheko chini yake.

Kabla hujakwenda, yatenganishe mambo ambayo baba yako ameyafunga pamoja kwa miaka mingi hadi wewe pia ukayaona kuwa ni kitu kimoja. Shahada ni jambo moja, usajili wa kitaaluma ni jambo la pili, na kuishi Songea ukisimamia duka ni jambo la tatu. Unaweza kulikubali la kwanza na la pili kwa faida yako mwenyewe na ukalikataa la tatu bila kuwa mtoto asiye na shukrani. Wewe ulifanya kinyume chake: ulikataa yote matatu ndani ya wimbo, kisha ukayarudisha yote kwa mlango wa nyuma kwa njia ya cheti.

Nenda nyumbani kabla ya mahafali, usisubiri siku yenyewe, kwa sababu siku ile kutakuwa na wageni, na mzazi akiumizwa mbele ya wageni hujibu kwa ajili ya wageni. Usizungumze naye kwa simu. Kama yupo shangazi au baba mdogo ambaye maneno yake huwa anayasikiliza, mwombe awepo, lakini asikusemee. Mwambie kwamba utamaliza shahada, kwamba utafanya mwaka wa mafunzo na kusajiliwa, kwamba hutakuwa mfamasia wa duka lake, na kwamba hutampa cheti bila wewe mwenyewe kuwapo. Usiifiche sentensi hiyo ya mwisho katikati ya maneno matamu. Kisha uwe na kitu cha kumpa. Darasani kwenu wapo watu watakaokuwa wanatafuta kazi baada ya kusajiliwa, na si wote wanaong'ang'ania kubaki Dar es Salaam. Jitolee kumtafutia mmoja aliye mwaminifu, na mkae na baba yako mpige hesabu kama mauzo ya famasi Songea yanaweza kumlipa mtu huyo mshahara. Inawezekana hesabu ikagoma. Ikigoma, atakuwa amegundua kwamba famasi aliyokuwa akiiota ilitegemea mfamasia asiyelipwa kama mfamasia, na ni vizuri mkaligundua hilo mkiwa mmekaa mezani kuliko baada ya miaka kumi. Duka la dawa muhimu linaloendeshwa vizuri ni duka la heshima, na yeye analijua hilo, kwa maana ndilo lililokusomesha.

Pikipiki ataitaja. Mwache aitaje, na usimkatize. Lakini usimjibu kwa shamba la kahawa la Mbinga. Ninajua hoja hiyo umeishaiandaa, maana katika barua yako imekaa vizuri mno. Ni hoja ya kweli, ila mwenye haki ya kuitoa ni yeye. Ukiitoa wewe atasema kwamba yeye aliondoka kwa miguu yake na hakuna aliyeuza kitu ili aondoke, na hapo mtahama kutoka kwenye mazungumzo mkaingia kwenye mashindano ya nani aliteseka zaidi, ambayo mtoto hajawahi kuyashinda mbele ya mzazi wake. Nyamaza. Huenda baada ya siku kadhaa akaikumbuka habari hiyo mwenyewe.

Kuhusu kuacha chuo nitakuwa mfupi. Umebakiza mitihani ya mwaka wa mwisho, na deni la Bodi ni lako, halimhusu baba wala bendi. Ukipata ajira litakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na usipoipata litakusubiri. Afadhali lidaiwe kwa mtu mwenye shahada. Mtu aliyesajiliwa kuwa mfamasia anaweza kufanya kazi katika hospitali au famasi ya mtu mwingine jijini, akalipa kodi ya chumba chake, akanunua nyuzi za gitaa bila kumwomba mtu, na bado Jumamosi akawa ghalani na wenzake. Mwaka wa mafunzo utakuwa mgumu, na huenda ukapangiwa kituo kilicho mbali na Tabata. Hilo nalo waeleze wenzako mapema, kwa sababu bendi nyingi huvunjika kwa ratiba kuliko kwa ugomvi.

Mpiga dramu wenu ninampongeza kwa moto alio nao, lakini amechagua shahidi asiyemfaa. Farrokh Bulsara, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964, na huko akasomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, akamaliza na diploma mwaka 1969, kabla Queen haijaanzishwa. Wenzake watatu wa Queen nao mkiwatazama hawamsaidii sana mpiga dramu. John Deacon, mpiga besi, alikuwa na shahada ya elektroniki. Roger Taylor alianza na udaktari wa meno, akaona haumfai, akahamia baiolojia, na ninakuomba umwangalie huyo kwa makini zaidi, kwa sababu yeye alibadilisha njia bila kukaa katikati ya barabara. Brian May alikuwa katikati ya utafiti wa udaktari wa falsafa katika fizikia ya anga wakati bendi ilipoanza kushika kasi. Aliusimamisha, akapiga gitaa kwa zaidi ya miaka 30, kisha akarudi kuumaliza mwaka 2007. Sidai kwamba vyeti ndivyo vilivyowafanya wapige vizuri. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuusikiliza wimbo wao akauona una unafiki kwa sababu waliouimba walikuwa wamefanya mitihani.

Na baba yako akirudia kwamba roki ni ya Wazungu waliokosa kazi, unaweza kumwambia kwa upole kwamba Zambia, jirani zetu, katika miaka ya 1970 ilikuwa na bendi zake za roki, kama vile WITCH na Amanaz, zilizojaza kumbi, na rekodi zao leo zinatafutwa na watu wa mabara mengine. Hatashawishika. Lakini atajua kwamba umeifanyia kazi hoja yake.

Sasa nije kwenye wimbo, ambao nimeusikiliza zaidi ya mara moja, tena mara ya mwisho kwa hiari yangu.

Ubeti wa kwanza ni mzuri sana. Una ukuta, una jina, una mizani, una kaunta. Mtu ambaye hajafika Songea analiona duka na anamwona binti aliyesimama ndani yake. Husemi kwamba umeonewa, unatuonyesha tu kilichoandikwa na aliyekiandika, na msikilizaji anafika mwenyewe pale ulipotaka afike. Kiitikio ni dhaifu zaidi. Unasema naondoka mara nyingi, kwa sauti inayozidi kupanda, lakini hadi magitaa yanaponyamaza hatujaambiwa unakwenda wapi wala kufanya nini. Nilidhani mwanzoni kwamba ni upungufu wa mtunzi. Baada ya kuusoma mpango wako wa cheti nilitambua kwamba hata wewe ulikuwa hujui, na wimbo umesema ukweli huo bila ya kukusudia. Mtu anayejitengenezea maisha yake ni lazima aweze kutaja walau kitu kimoja atakachokifanya Jumatatu asubuhi. Pengine ukishazungumza na baba yako utaupata mstari unaokosekana pale.

Ubeti wa pili ninakushauri uuondoe, na sababu yangu si kwamba utamuumiza, ingawa utamuumiza. Sababu ni kwamba si wa kweli. Baba yako si mfungwa wa kaunta. Kwa maelezo yako mwenyewe ni mtu aliyeikimbia kahawa akaichagua kaunta ile, akaingia darasani mtu mzima mwaka 2003 kujifunza kazi upya, na hadi leo anakitazama cheti chake kwa fahari. Umemvika hofu yako wewe, kwa sababu mfungwa ni rahisi kumkimbia kuliko mtu anayeipenda kazi yake na anayetaka ukae naye ndani yake. Mtu wa namna hiyo ni mzito zaidi kumkatalia, na kwa hiyo anastahili ubeti mzito zaidi.

Umesema mnaipenda roki mbadala, kwa hiyo bila shaka mnaujua wimbo wa "Numb" wa bendi ya Marekani iitwayo Linkin Park, walioutoa mwaka 2003. Karibu wimbo mzima ni malalamiko ya mtu aliyechoka kufuatwa kila hatua na mwingine anayetaka awe kama yeye. Lakini kuelekea mwisho mwimbaji anageuka na kukiri kwamba hata huyo anayembana aliwahi kuwa na mtu aliyekatishwa tamaa naye. Ni maneno machache tu, na hayaondoi lawama yoyote iliyotangulia, ila baada yake anayelaumiwa amekuwa mtu mwenye historia. Wewe una babu, una kahawa ya Mbinga, na una kijana aliyeshuka mjini kuuza dawa. Nilikukataza kuitumia habari hiyo katika mabishano na baba yako, lakini mahali pake pazuri ni katika ubeti wa pili. Katika mabishano ingekuwa mtego, na katika wimbo, ukiitunga bila kumcheka, inaweza kuwa ndiyo sehemu ambayo atatamani kuisikia tena.

Kwa hiyo tarehe isogezwe. Muda huo pia mtauhitaji kwa jambo ambalo bendi changa huliona ni la wazee, yaani kuandikiana. Mashairi na sauti ni vyako, lakini fedha nyingi za studio zimetoka kwa mpiga besi, na bila karatasi yenye sahihi za wote wanne kila mmoja atakuwa na kumbukumbu yake ya nani alikubali nini. Andikeni nani ni mtunzi, nani anamiliki rekodi, mpiga besi atarudishiwa fedha zake kwa utaratibu gani kabla ya mgawo wowote, na jina la bendi litabaki kwa nani ikiwa mmoja ataondoka. Kisha usajilini wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili utunzi wako uwe na ushahidi wa maandishi, na muulize BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kuhusu usajili wa bendi yenyewe. Msitarajie kwamba singo ya kwanza ya roki itarudisha gharama zake haraka. Redio nyingi zina muziki zinaoutaka, na wenu si miongoni mwake kwa sasa. Wasikilizaji wenu wa kwanza watatoka kwenye maonyesho yale madogo, kwa hiyo myatunze.

Mama yako usimtume. Swali alilokuuliza jikoni lilikuwa na huruma kwenu nyote wawili, na atatamani kukupunguzia mzigo kwa kwenda kulisema jambo hili kidogo kidogo, leo neno na kesho neno. Akifanya hivyo, baba yako atakuwa amegombana na mkewe kwa wiki nzima kabla hujapanda basi. Mwombe jambo moja tu, akuambie ni siku gani duka huwa limetulia, ili umkute baba ana nafasi ya kukaa.

Mpiga besi atalalamika kwamba fedha zake zimelala. Mweleze ukweli wote, kisha mrudi pamoja studio mkaipandishe sauti yako kwenye miksi. Katika ubeti wa kwanza, ulio bora kuliko sehemu zote za wimbo huu, magitaa yameifunika kiasi kwamba ilinilazimu kurudi kwenye barua yako ili kujua unasema nini, na baba yako hatakuwa na barua mkononi.